Namba za Tairi la Lori: Zisome Kabla Hujatoa Pesa

Msimu wa kuvuna vitunguu ukikaribia hapa Mkalama, maswali ninayoulizwa huhama taratibu kutoka shambani kwenda barabarani. Mwanzoni ni miche, halafu maji, halafu utitiri na ukungu. Vitunguu vikishakauka shingo na kukatwa majani, swali linakuwa moja tu: gari litafika? Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyetu vya ugani, lakini kinaweza kula faida ya msimu mzima kwa dakika moja, nacho ni tairi.

Najua baadhi yenu mtasema bwana shamba ameacha jembe amekuwa fundi tairi. Sina wasiwasi. Tairi la upepo lililoanza kutumika kibiashara lilitengenezwa na mtu wa fani jirani na yangu. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, na mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kama daktari wa ng'ombe aliliunda, bwana shamba anaweza angalau kulisoma.

Na kusoma ndiko tunakokwenda kufanya. Wengi wenu mmeshajifunza kusoma mfuko wa mbolea. Mnajua kwamba 46 kwenye mfuko wa Urea maana yake ni kilo 46 za naitrojeni katika kila kilo 100, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Hakuna anayeweza tena kukuuzia mfuko kwa sababu tu rangi yake inavutia. Tairi ni vivyo hivyo. Ubavu wake umeandikwa karibu kila kitu unachotaka kujua, ila muuzaji hatakusomea usipouliza.

Nilipoombwa kwenda dukani

Kikundi kimoja cha wakulima hapa Nduguti kina Canter waliyoinunua kwa kuchangishana. Matairi yalikuwa yamechoka, wakataka kununua sita mapya kabla ya kuanza kusomba vitunguu kwenda Singida mjini. Mweka hazina wao, mama makini sana na pesa za watu, aliniambia hivi: "Bwana shamba, sisi tumekuzoea kwa mbolea. Safari hii twende ukatusomee tairi. Pesa hii ni ya watu ishirini na mbili, ikipotea nitahama kijiji."

Tukaenda mjini, mimi, yeye, mwenyekiti na dereva. Duka sitalitaja, wala si la kulaumiwa kuliko mengine. Muuzaji alitupokea vizuri, akatuonyesha matairi ya aina mbili. Ya kwanza bei yake ilikuwa nafuu, na akayasifia: "Hizi ndizo za mzigo, wazee. Angalia kashata ilivyo kubwa." Ya pili yalizidi kwa shilingi elfu hamsini kila moja. Mwenyekiti akaanza kupiga hesabu haraka: elfu hamsini mara sita ni laki tatu. Kwa kikundi, laki tatu si mchezo. Mweka hazina akanigeukia. Nikachuchumaa, nikafuta vumbi ubavuni mwa tairi, nikaanza kusoma kwa sauti ili wote wasikie. Niliyoyasoma ndiyo ninayokupa hapa, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: saizi

Matairi ya malori huandikwa saizi kwa mitindo miwili mikuu.

Mtindo wa zamani unatumia inchi peke yake. Kwa Canter utakuta 7.00R16 au 7.50R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, yaani inchi 7.5, ambazo ni kama sentimita 19. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu, inchi 16. Herufi R katikati inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Kwa malori, tairi la R kwa kawaida ndilo mafundi wetu wanaliita la waya. Ukikuta kistari badala ya R, mfano 7.50-16, hilo ni la mpangilio wa zamani, ambalo wengi wanaliita la uzi au la nailoni. La waya hupata joto kidogo kwenye lami na hudumu zaidi. La uzi ubavu wake ni mnene na wengine hulipenda kwenye mawe. Lolote utakalochagua, usichanganye aina hizi mbili kwenye ekseli moja, kwa sababu hazinepi sawa wala hazishiki kona sawa.

Mtindo wa pili utauona kwenye malori makubwa, mfano 295/80R22.5. Hapa 295 ni upana kwa milimita. Namba 80 ni asilimia, kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana, yaani milimita 236. Namba 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kuna jambo dogo hapa linalosaidia sana. Kwenye malori, rimu inayoishia na nusu, kama 17.5, 19.5 au 22.5, ni ya tubulesi, haitumii tubu. Rimu za namba kamili, kama 16 na 20, kwa kawaida hutumia tubu na flapu. Kwa hiyo ukinunua 7.50R16 ya tubu, panga na bei ya tubu na flapu mpya. Kuweka tubu ya zamani iliyonyooka na kukunjamana ndani ya tairi jipya ni kutafuta pancha kwa mkono wako mwenyewe. Na mtu asikwambie kwamba rimu ya 20 na ya 22.5 "zinakaribiana". Hazibadilishani. Tairi lisilolingana na rimu yake linaweza kuchomoka au kupasuka wakati wa kujazwa upepo, na fundi aliyeinama juu yake ndiye anayeumia.

Je, unaweza kupanda saizi, tuseme kutoka 295/80R22.5 kwenda 315/80R22.5? Tupige hesabu. La kwanza kipenyo chake chote ni kama milimita 1,043. La pili ni kama milimita 1,075. Tofauti ni asilimia 3 hivi, maana yake spidi mita ikisoma 80, gari linakwenda kama 82 na nusu. Hilo ni dogo, lakini lazima uhakikishe tairi haligusi bodi wala springi gari likiwa na mzigo, na kwamba rimu inalikubali. Ukipanda, panda kwa ekseli nzima, usipande kwa tairi moja.

Hatua ya pili: namba ya mzigo

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo penye pesa na roho za watu. Baada ya saizi utaona maandishi kama 122/118L. Namba hizi mbili ni za mzigo, na herufi ni ya mwendo.

Namba ya mzigo si kilo zenyewe. Ni namba ya orodha inayotumika dunia nzima, na kila namba ina kilo zake. Hizi hapa zile unazoweza kukutana nazo:

110 ni kilo 1,060
112 ni kilo 1,120
114 ni kilo 1,180
116 ni kilo 1,250
118 ni kilo 1,320
120 ni kilo 1,400
122 ni kilo 1,500
148 ni kilo 3,150
150 ni kilo 3,350
152 ni kilo 3,550
154 ni kilo 3,750
156 ni kilo 4,000

Kwa nini namba mbili? Ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, kama tairi la mbele. Ya pili ni tairi likiwa pacha, kama ya nyuma. Kwa hiyo tairi la 122/118 linabeba kilo 1,500 likiwa mbele, na kilo 1,320 likiwa nyuma kwenye pacha. Limepunguzwa kwa sababu mapacha hayagawani mzigo sawasawa kila wakati. Barabara ikiinama, moja linaelemewa.

Herufi ni mwendo wa juu ambao tairi limetengenezwa kuuvumilia likiwa na mzigo wake kamili. J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130. Kwa sheria yetu lori lenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu mwisho wake ni 80, kwa hiyo herufi si tatizo letu kubwa. Tatizo letu ni namba.

Hatua ya tatu: usidanganywe na PR

Utakuta pia maandishi kama 12PR, 14PR au 16PR. Zamani ilikuwa idadi ya matabaka ya nyuzi ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, na tairi la waya la 14PR halina matabaka 14. Kwa saizi ileile, PR kubwa kwa kawaida humaanisha mzigo mkubwa na upepo mwingi zaidi. Lakini usilinganishe kwa PR peke yake ukaacha namba ya mzigo. Pale dukani, matairi ya bei nafuu yalikuwa na maandishi makubwa ya PR ambayo muuzaji aliyasisitiza, huku namba ya mzigo ikisomeka 114 upande wa pacha. Ya bei kubwa yalikuwa 122/118. Kashata zake zilikuwa za kawaida, hazitishi macho, lakini ndiyo yaliyobeba zaidi.

Hatua ya nne: piga hesabu ya gari lako

Mwenyekiti akauliza swali la haki kabisa: "Tofauti ya 114 na 118 ni namba nne tu. Kweli zina thamani ya elfu hamsini?"

Tukaomba karatasi. Hesabu ni hii, nawe unaweza kuifanya kwa gari lako. Canter yao ikiwa tupu ina kilo kama 2,900. Tukachukulia 1,700 ziko mbele na 1,200 ziko nyuma. Bodi ya Canter imekaa karibu yote juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo tukakadiria asilimia 90 ya mzigo inakwenda nyuma na asilimia 10 mbele.

Wanabeba magunia 40. Gunia likiwa la kilo 100, mzigo ni kilo 4,000. Nyuma: 1,200 jumlisha 3,600, unapata 4,800.

Matairi manne ya nyuma ya 114 yanabeba kilo 1,180 mara nne, sawa na 4,720. Yamezidiwa kilo 80 hata kabla gari halijaondoka.

Matairi manne ya 118 yanabeba 1,320 mara nne, sawa na 5,280. Yana akiba ya kilo 480.

Namba nne tu, msomaji wangu. Moja inakuambia umezidisha, nyingine inakuambia una nafasi ya kupumua. Kumbuka pia kwamba tairi halibadilishi uwezo wa gari. Uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibao cha mtengenezaji unabaki palepale hata ukifunga matairi ya lori la mafuta. Ekseli, springi na breki havisomi tairi.

Lumbesa

Hesabu ilipofika hapo, dereva, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema, "Lakini Mwenyekiti, sisi gunia la kilo mia tunabeba lini?"

Kimya kikatanda. Kila mtu alijua anachosema. Wanunuzi wengi wanaokuja kwetu wanataka lumbesa, gunia limejazwa, likaongezwa kofia juu, likafungwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hili mara nyingi. Lakini shambani, mnunuzi akiwa na pesa mkononi na wewe una ada ya mtoto, sheria huonekana iko mbali.

Tukarudia hesabu kwa gunia la lumbesa la kilo 130. Magunia ni yaleyale 40. Mzigo sasa ni kilo 5,200. Nyuma: 1,200 jumlisha 4,680, unapata 5,880. Hata matairi ya 118 yamezidiwa kilo 600, yaani kilo 150 kila moja. Yale ya 114 yamezidiwa kilo 1,160.

Dereva amehesabu magunia 40, mwenye gari amehesabu magunia 40, na risiti imeandikwa magunia 40. Tairi halihesabu magunia. Tairi linahesabu kilo.

Mweka hazina akabaki anaitazama ile karatasi. Kisha akachora mstari chini ya tofauti ya mizigo miwili: 5,200 toa 4,000, ni 1,200. Akasema taratibu, "Kumbe hizi kilo elfu moja na mia mbili zinazotupasulia tairi ndizo hizohizo hatulipwi."

Sikuwa na cha kuongeza. Kilo 1,200 ni magunia 12 halali. Kila safari ya lumbesa, kikundi kilikuwa kinampa mnunuzi magunia 12 bure, halafu kinayasafirisha kwa matairi yake, mafuta yake na roho ya dereva wake. Miaka yote nimehubiri dhidi ya lumbesa kwenye mikutano ya kijiji, watu wakaitikia kwa heshima kisha wakaenda kujaza kofia. Siku hiyo ubavu wa tairi ulihubiri vizuri kuliko mimi.

Hatua ya tano: tairi hufa kwa joto

Watu wengi hudhani tairi hupasuka kwa jiwe. Jiwe huchana, lakini kinachoua matairi mengi ya mizigo ni joto. Tairi lililozidiwa mzigo au lenye upepo mdogo hunepa zaidi kila linapozunguka. Kunepa huko huzalisha joto, joto hulegeza mshikamano wa mpira na waya, na siku moja mchana, kwenye lami ya moto, kashata inabanduka au ubavu unapasuka. Dereva atakuambia tairi lilikuwa zima asubuhi. Kwa macho lilikuwa zima kweli.

Kwa mapacha hatari inajificha zaidi. Tuseme upande mmoja wa nyuma una kilo 2,400, kila tairi linabeba 1,200. Moja likipata pancha, hutaliona kirahisi, maana mwenzake anasimama. Lakini huyo mwenzake sasa amebeba kilo 2,400 wakati mwisho wake akiwa peke yake ni 1,500. Ukiendelea hata kwa mwendo wa kati, unaharibu matairi mawili badala ya moja.

Msimu mmoja jirani yangu alipotelewa na mzigo namna hiyo. Tairi moja la pacha lilikufa porini, la pili likafuata baada ya mwendo mfupi, na spea ilikuwa moja, nayo kipara. Gari lililala na vitunguu siku mbili juani, na usiku wa pili mvua ikanyesha. Vilipofika sokoni, magunia ya katikati yalikuwa yameanza kutoa maji. Wanunuzi waliyapita kama hawayaoni.

Kwa hiyo fuata haya kuhusu upepo. Nunua geji, usitegemee tandiboi kugonga tairi kwa nondo, mlio hausemi PSI. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ubavuni pameandikwa MAX LOAD, kilo na PSI zake, kwa SINGLE na kwa DUAL, na neno COLD, maana yake baridi. Hizo PSI ndizo zinazohitajika ili tairi libebe kilo zilizoandikwa, na usizipite. Ukilijaza chini ya hapo, uwezo wake unashuka pia. Na tairi likiwa la moto njiani, usitoe upepo ili "lipoe". Upepo umepanda kwa sababu ya joto. Ukiutoa, tairi litanepa zaidi na kuchemka zaidi. Simama kivulini, lipoe lenyewe, kisha tafuta sababu.

Mapacha pia yawe saizi moja, aina moja na kashata zilizolika karibu sawa. Kwa matairi madogo kama ya Canter, tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6. Ukifunga 7.50 pembeni ya 7.00, au jipya pembeni ya kipara, lile refu litabeba mzigo wa wote wawili.

Hatua ya sita: tarehe ya kuzaliwa

Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwishoni mwa mstari wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018, yaani mwishoni mwa Agosti. Wakati mwingine huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza.

Mpira huzeeka hata bila kutumika, hasa ukianikwa juani mbele ya duka kama ngozi ya mbuzi. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisitumike likizidi miaka 10 tangu litengenezwe. Kwa mtumba uwe mkali zaidi. Angalia nyufa ndogo ubavuni na kwenye mashina ya kashata, na ingiza mkono ndani upapase kama kuna kiraka au uvimbe. Angalia pia kama kashata imechongwa kwa kisu. Tairi lisiloandikwa REGROOVABLE likichongwa, kisu kimeondoa mpira unaolinda waya. Ndani ya mifereji utaona vinundu vidogo vilivyoonyeshwa kwa herufi TWI. Kashata ikilika hadi kulingana navyo, tairi hilo limemaliza kazi.

Kwa wenye magari makubwa

Kama unakodisha lori kubwa au unalo, jua pia hesabu ya mizani. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye matairi mawili, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, na tani 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana zenye matairi manane.

Sasa linganisha na tairi. 295/80R22.5 yenye 152/148M, mbele inabeba kilo 3,550 mara mbili, sawa na 7,100. Mizani inakuruhusu 8,000, lakini tairi limekataa. Kufika 8,000 kwa haki unahitaji 156 mbele. Nyuma, 148 mara nne ni kilo 12,600, hapo tairi lina akiba na mizani ndiyo inayokuzuia. Kila mara fuata kilicho kidogo kati ya tairi, kadi ya gari na mizani.

Walichoamua

Turudi dukani. Baada ya hesabu nilimwomba dereva tukalisome gari lenyewe, maana lilikuwa limeegeshwa nje. Matairi mawili ya mbele yalikuwa 7.50R16 yenye 122/118L, tarehe yake bado ilikuwa nzuri, kashata ipo, hayana nyufa. Ya nyuma ndiyo yaliyokwisha. Kwa hiyo hawakuhitaji sita. Walihitaji manne yaliyo sahihi. Wakanunua manne ya 122/118 pamoja na tubu na flapu, na pesa waliyotoa ikawa pungufu ya sita ya bei nafuu. Katika iliyobaki wakanunua geji. Muuzaji hakukasirika. Alisema ni mara chache mteja anachuchumaa.

Sehemu ngumu ilikuja nyumbani. Kikao cha kikundi kilikubaliana kununua mizani na kutopakia gunia linalozidi kilo 100 kwenye Canter yao. Mnunuzi wa kwanza wa msimu aliposikia, aliondoka akaenda kijiji cha pili. Siku tatu vitunguu vilikaa ghalani na maneno yakawa mengi. Mweka hazina alisemwa hadi kisimani. Siku ya nne akaja mwingine, akalalamika, akapima, akalipa. Bei kwa gunia ilikuwa chini kidogo ya ile ya lumbesa, na wapo waliolala wakiamini wamepunjwa, mpaka walipogawa kwa kilo. Siwezi kukuambia kwamba wanunuzi wote wamebadilika. Wengi bado wanataka kofia, na kikundi kimoja pekee hakiwezi kuwabadilisha. Vikundi vya jirani vikipima pia, mnunuzi atakosa kijiji cha pili cha kukimbilia.

Andika haya kwenye kikaratasi kabla ya kwenda dukani

Moja, saizi iliyopo kwenye gari na aina ya rimu, ya tubu au tubulesi.
Mbili, uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu kwenye kadi.
Tatu, mzigo wako kwa kilo, si kwa magunia.
Nne, namba ya mzigo unayohitaji mbele na nyuma.
Tano, tarehe ya mwisho ya DOT utakayokubali.
Sita, bei ya tubu na flapu kama zinahitajika.

Ukifika, futa vumbi, chuchumaa, soma kwa sauti. Ukiona haya, nenda na mwanao wa darasa la saba, atazisoma vizuri tu. Juu ya yale magunia mara nyingi wanapanda wapakiaji wetu, mama zetu wanaowahi soko na vijana wanaorudi kutoka mnadani, jambo ambalo nalo si halali wala si salama. Tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko, wao ndio wa kwanza kurushwa.

Kama una gari na hujui pa kuanzia, piga picha ubavu wa tairi na kadi ya gari uje navyo ofisini Nduguti, tutapiga hesabu pamoja. Makala ijayo tutarudi shambani, kwenye kukausha vitunguu shingo ili visioze ghalani. Kazi njema, na safari salama.